Mkalimani wa Koo la Kaka

Marshalltown, Johannesburg
Jumapili, 9 Februari 2025

Shemeji yangu Masika, uliyeolewa na kaka kwa haraka zako ukanikosa mimi,

Salaam. Kabla hujaendelea, futa unga mikononi, maana barua hii imeandikwa na mtu mkubwa. Johannesburg nzima hakuna Mswahili wa kunishinda Kiingereza. Sijisifu, natoa taarifa. Jumatano iliyopita daktari bingwa, mama wa Kihindi mwenye miwani ya mnyororo, alisimamisha kliniki yake nzima kunisikiliza mimi Twalib, niliyeishia kidato cha pili pale Ngamiani. Akaniuliza kama nimesomea Ulaya. Nikamwambia Ulaya ndiyo ilisoma kwangu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ulilalamika mwenyewe: ujumbe wa sauti mama anaufungulia ukumbini, mtaa mzima unasikiliza kama taarifa ya habari. Basi Khatibu, yule kondakta wa basi la Dar, anapanda Jumanne na mzigo wake wa viatu. Barua imo ndani ya kiatu cha kushoto.

Sasa kaa chini. Kaka Seif anaumwa. Ana uvimbe shingoni, chini ya taya la kushoto, kama ndimu. Hauumi. Aliugundua akinyoa ndevu, akasema ni mafindofindo tu, akawa anasukutua maji ya chumvi miezi mitatu huku anashona nguo za watu. Ni mimi niliyemkokota hospitali. Wakamkata kipande kidogo kooni wakakipima. Ni kansa, shemeji. Kansa ya mafindofindo.

Usilie kwanza, malizia mstari. Daktari kasema aina hii ya kaka inapona. Inapona! Mradi apigwe mionzi mara thelathini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, bila kuruka hata siku moja. Hilo la kutoruka alilirudia mara tatu kwa kidole, na wakalipigia mstari mwekundu kwenye kadi. Anaanza tarehe 17.

Na cheka kidogo. Walitaka kutuletea mkalimani. Unajua nani? Mama mmoja wa Kikongo anayesukuma vitanda vya wagonjwa, anaitwa Marthe, wa Bukavu. Akaja na kilemba chake: "Mi njo nitabasaidia kusikia docteur." Shemeji, sisi watu wa Tanga! Kiswahili kilipozaliwa sisi ndio tulikata kitovu, leo tukatafsiriwe na mtu ambaye "ndiye" yake ni "njo"? Nikamwambia mama, kapumzishe miguu, hapa pana mtaalamu. Kaka akanikanyaga kiatu, lakini nilimwona anatabasamu.

Chanzo cha ugonjwa daktari alikieleza kirefu, kwa picha, na mimi nilielewa kila neno. Lakini hilo ni la wanaume. Usiniulize.

Shemejio, mzuri kuliko mumeo,
Twalib

*

Tanga
20 Februari 2025

Kwa Twalib, msomi wa mapengo,

Nimeipata barua yako ikinuka kiatu, nikajua imetoka kwako kweli. Wewe uliyeandika "mimi ni meza" kwenye daftari la Kiingereza, ukachapwa mpaka mama mkwe akaenda shule kulia, leo daktari bingwa anakusimamishia kliniki! Haya. Dunia imeisha, tunasubiri parapanda tu.

Nimecheka hapo, halafu nimelia sana, kwa hiyo usidhani umenichekesha.

Seif alipiga simu dakika mbili. Sauti yake kama ya mtu mwenye ndizi ya moto kinywani. Kaniambia nisijali, kaniuliza Yasmin kapata ngapi mtihani wa hesabu, simu ikakatika. Miaka kumi na minne nimeishi na mtu huyu. Hajashika sigara, hajatafuna ugoro, hata kahawa chungu anaikunjia uso. Imekuwaje kansa ikamkalia kooni? Ni yale mavumbi ya vitambaa? Ni ile sabuni ya kufulia sare za walinzi anazozishona? Nimeulizwa na mama mkwe, nimeulizwa na majirani, nimejiuliza mwenyewe kwenye sijda.

Nimeanza kushughulikia pasipoti. Idd ikipita nakuja. Nitamkorogea uji wa ulezi, hata kama ataunywa kwa mrija. Siku thelathini na tano hawezi kuzimaliza akilishwa na wewe, unayeunguza maji ya chai.

Na hilo la "usiniulize": mwanamke ukimwambia asifunue chungu, umeshamwambia ndani kuna kitu. Wewe ulielewa kila neno. Basi nieleze kila neno.

Shemejio, mtani wako,
Masika

*

Marshalltown
Ramadhani pili, 2 Machi 2025

Bibi Masika mpekuzi,

Ramadhani karimu. Mimi nimefunga, kaka kakatazwa. Inamuuma kuliko ugonjwa.

Mara kumi zimekwisha, bado ishirini na tano. Wamemtengenezea barakoa ngumu ya plastiki yenye matundu, imechukua sura yake yote, pua mpaka kidevu, jina lake limeandikwa kwenye paji. Wanamlaza, wanambana nayo mezani asitikisike, wote wanatoka mbio, mashine inamzunguka inalia kama nzi wakubwa. Mimi nakaa nje nawatania manesi. Yule Marthe hupita na vitanda vyake, huniuliza: "Bwana mdogo, mulisikia vizuri maneno ya docteur?" Namjibu kwa Kiingereza ili akome.

Sasa umenilazimisha. Nilitaka kukuficha kwa heshima ya kaka, lakini mtani hanyimwi.

Ni kirusi, kinaitwa HPV. Siyo kile cha ukimwi, usizimie. Hiki kinapatikana kwa mapenzi. Tena mapenzi yale ya kutumia mdomo, nisiyoweza kuyaandika mwezi huu mtukufu, nitabatilisha saumu yangu na yako. Daktari kasema kaka kakiokota hukuhuku Johannesburg, kwa mwanamke, tena si zamani.

Pole, mtani! Kumbe jogoo tulimfuga tukamdhania njiwa! Na wale akina dada wa Kizulu wanaoleta sketi zao kupunguzwa, sijui ni sketi ngapi zimepunguzwa na ngapi zimevuliwa. Mimi kijana mzima nanyimwa hata salamu, babu mwenye mvi za kifua ndiye anayekula matunda ya Joburg. Eish! Nampa heshima zake.

Nakutania, usinune. Nakutania mimi, lakini daktari hatanii. Kaka mwenyewe sijamwambia chanzo. Nitamtazamaje mkubwa wangu usoni? Kwa hiyo na wewe meza.

Twalib, mtunza siri

*

Pangani, nyumbani kwa mama yangu
14 Machi 2025

Twalib,

Usiniite shemeji. Usiniite mtani.

Nimehama Tanga, mimi na Yasmin. Simu nimeizima na laini nimeitupa, usihangaike. Fomu ya pasipoti nimewashia jiko.

Miaka sita yuko huko. Miaka sita wanawake wenzangu wananicheka sokoni, wananiambia mwanaume wa Sauzi hana mke mmoja, nami nawajibu wangu hayuko hivyo. Kwa mdomo huu huu nimemtetea. Kwa mdomo wake yeye akaenda kufanya uchafu ambao hata wewe usiye na haya umeshindwa kuuandika.

Ndani ya hii kuna barua nyingine, nimeifunga na gundi. Ni yake. Mpe mkononi. Ni mistari miwili tu na haihitaji mkalimani: namtaka anipe talaka yangu.

Masika binti Omari

*

Marshalltown
Jumanne, 25 Machi 2025

Dada Masika,

Sijui nikuiteje, basi nimeazima hilo.

Huku mambo ni sharp, ndiyo "safi" ya huku. Yaani si sharp sana.

Barua yako ilifika Jumamosi, nikampa. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani. Kaka haongei tena siku hizi, mdomo wote ndani ni vidonda, chakula kinapita kwenye mrija uliotobolewa tumboni. Akachukua ile karatasi ya kukatia mifano ya nguo, akaandika: "Umemwambia nini?" Nikamwambia nimemwambia alichosema daktari. Akaandika: "Alisema nini?" Ikabidi nimweleze yote, kirusi, mwanamke, nikitazama ukutani. Halafu akaandika neno moja tu: "Sijawahi."

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Jana ilikuwa zamu yake ya ishirini na tano kwenye mashine. Hakwenda. Leo asubuhi kafunga begi: pakiti za maziwa, bomba la sindano la kusukumia uji kwenye mrija, shuka moja, na barua yako. Nilishika begi, akanitoa mkono kidole kimoja kimoja, mpole vilevile. Nilimwonyesha kadi yenye mstari mwekundu. Akaandika: "Mke wangu kwanza."

Sasa amekaa ndani ya basi la Khatibu, nyuma ya dereva. Barua hii nampa Khatibu akuletee mpaka Pangani, kwa hiyo inasafiri pamoja naye na yeye hajui. Zimebaki mara kumi na moja. Kumi na moja tu! Mfungulie mlango, umtukane unavyotaka, halafu mrudishe kwa basi linalofuata.

Na lijulikane: hili si kosa langu. Mimi nilitafsiri tu. Kosa ni la huyo aliyeambukiza, na la daktari, nani kamwomba aeleze sana? Na lako kidogo, kwa kupekua.

Twalib

*

Johannesburg
tarehe 1 avril 2025

Mama Yasmin,

Jambo kwako. Hunijue. Mi njo Marthe, mama wa Bukavu, ninafanya kazi ku hospitali kwenye bwana yako alikuwa anachomwa mionzi. Nisamehe Kiswahili yetu, mutoto wa kwenu alisema haitoshe.

Siku tatu niliona jina ya bwana yako ku liste, na yeye hapana. Nikauliza manesi, hawajue. Nikapanda taxi mpaka kule Marshalltown kwenye ule kijana anauzisha vifuniko vya telefone, nikamukuta. Akanipa barua yako, nikasoma. Nikamuuliza: "Wewe ulimuandikia mama nini?" Akaniambia. Nikakaa chini palepale ku barabara.

Mama, mi nilikuwa ndani ya ile chumba. Kijana alinifukuza, lakini nilibaki ku mulango na kitanda yangu, na Kiingereza ninaisikia, niko hapa miaka kumi na tisa. Docteur hakusema vile. Sikia vile alisema.

Alisema hii virus HPV iko kwa watu karibu wote, wanaume na wanawake. Inaingia bila alama. Wengi mwili inaifukuza yenyewe. Wengine inalala ndani yao miaka kumi, ishirini, hata thelathini, kisha njo inaamusha kansa ku koo. Alisema hakuna mutu duniani anaweza kujua ilitoka wapi ao siku gani. Inaweza kutoka zamani, mbele ya ndoa. Inaweza kutoka kwa bibi yake mwenyewe, na bibi naye hajue kama aliibeba. Alisema tena, na alipiga meza kidogo: hii haionyeshe kama mutu alizini, musitafute mwenye kosa ndani ya nyumba. "Johannesburg" hakuitaja hata mara moja.

Alisema pia mambo mbili ya kukuambia wewe: uende wakupime mulango wa kizazi, sawa vile wanawake wote wanapashwa kupimwa, na kama muko na binti, apate chanjo yake, iko.

Mama, umurudishe mbio. Kila juma inapita bila mionzi, ile uvimbe inapata nguvu. Barakoa yake ingali ku étagère, ile rafu ya barakoa. Ninaipangusa kila asubuhi.

Marthe

*

Dar es Salaam
18 Mei 2025

Kwa Mama Marthe,

Barua yako ilinifika tarehe 9 Aprili. Nimeshindwa kuijibu mpaka leo.

Nakueleza wewe kwa sababu hapa hakuna ninayeweza kumweleza.

Seif alifika Pangani Idd mosi, watu wanatoka kuswali. Alisimama mlangoni kwa mama kajifunga shali mpaka puani. Nilimwona dirishani nikadhani ni mwombaji. Khatibu aliniletea barua ya Twalib mkononi, nikairudisha bila kuifungua, nikasema nimechoka na barua za ndugu hao. Nikamwambia Yasmin afunge komeo. Mtoto akanitazama, akafunga.

Alikaa barazani mpaka alasiri. Watu wakipita na sahani za pilau wanamwambia Idd mubaraka, naye anaitikia kwa kichwa. Akapitisha karatasi chini ya mlango, karatasi ile ya mafundi cherehani, kubwa, imeandikwa pande zote mbili. Nilikuwa naepua sufuria. Nikaitia motoni, Mama Marthe. Sikuisoma hata neno. Nilipotazama tena barazani palikuwa wazi, kaacha gauni la Idd la Yasmin alilolishona mwenyewe, limekunjwa vizuri.

Halafu ikaja barua yako. Niliisoma nimesimama, nikafika pale ulipoandika "inaweza kutoka kwa bibi yake mwenyewe."

Mimi niliolewa kabla ya Seif. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mume wangu wa kwanza alikuwa mtu wa safari, akafariki miaka mitatu baadaye. Seif alinichukua mjane, ndugu zake hawataki, akasema huyuhuyu. Sasa nalala nikihesabu: je, ni mimi niliyemwekea? Unasema hakuna anayeweza kujua. Hilo ndilo linalonitesa. Lingekuwa ni langu ningelilia nikamaliza.

Nilimfuata kwa mama yake siku ileile. Hakunipiga, hakununa. Aliandika ukutani kwa chaki ya kupimia nguo: "Yasmin gauni limemtosha?"

Kurudi kwenu kwa basi hakuweza tena, damu zilikuwa zinamtoka kooni. Tumekuja naye Dar. Wamempima upya, wamemtengenezea barakoa mpya maana sura imepungua. Wameanza tena Jumatatu iliyopita. Daktari wa hapa hakunificha: wiki saba zimekatika katikati, na uvimbe umeshuka mpaka kifuani.

Mimi wamenipima, niko salama. Yasmin kachanjwa. Nimefanya kila alilolisema daktari wenu, nimechelewa lile moja.

Ile barakoa ya kwanza, kama wataitupa, iombe unitunzie.

Kijana mwambie asiniandikie.

Masika

*

Johannesburg
Jumapili, 2 Novemba 2025

Shemeji,

Najua uko edani na hutaki kuniona wala kunisikia. Barua si mgeni, haitaingia mpaka uifungue. Safari hii haimo ndani ya kiatu. Imo ndani ya barakoa ya kaka, Mama Marthe kaifunga kwa kitenge chake. Khatibu kaahidi kuishika magotini njia nzima.

Nilitaka kuanza na maneno makubwa kama zamani. Nimeandika mwanzo mara nne. Wa kwanza nilisema nimezika kwa mbali kishujaa. Wa pili nikamlaumu daktari. Wa tatu Khatibu, kwa kumkubali mgonjwa ndani ya basi. Wa nne wewe na komeo lako. Mama Marthe alikuwa kaketi hapa kwenye kiti cha cherehani, anamenya maharagwe, akanisikiliza nikisoma. Kila nikimaliza mmoja anasema: "Hapana. Ingine."

Mnasema mionzi ilikatika. Ni kweli. Mnasema talaka, ni kweli. Utani wa sketi nao, siku hizi akipita mwanamke mwenye sketi mkononi nageuza uso. Lakini hayo yote ni matawi tu. Hakuna mwingine anayelijua shina. Kaka hakulijua. Alikufa Septemba, na mpaka anakufa alidhani nilikosea tu kumsikia daktari, na mimi ni mdogo wake mwenye bahati mbaya ya kulibeba neno.

Siku ile kliniki daktari aliongea kwa kirefu. Alichora koo, akachora vidudu, akachora mshale. Akaongea tena. Shemeji, mimi nilishika maneno matatu. "Virusi" nililishika, maana ni letu. "Seksi" nililishika, nani asiyelijua. Na thelathini na tano, kwa sababu aliiandika, kama alivyoandika HPV; kutoruka siku nilikuona kwa kidole chake, na kupona nilikusoma usoni mwake. Mengine yote yalipita kama treni isiyo na kituo. Huyo mwanamke wa Joburg nilimshona mwenyewe, kujaza pale palipokuwa na tundu. Sikumtoa kwa daktari. Nilimtoa kichwani, kwa sababu ndivyo ningefanya mimi.

Daktari hakuniuliza kama nimesomea Ulaya. Aliniuliza swali moja tu, na hilo nililielewa. Aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaniuliza kama nimeelewa. Mama Marthe alikuwa bado mlangoni na kitanda chake. Kaka hakuwa anamtazama daktari. Alikuwa ananitazama mimi, hivi, kama siku aliyonipeleka kidato cha kwanza na sare aliyoishona yeye.

Nikasema yesi.

Twalib